Robo saa ya Kiingereza mezani

Miaka miwili iliyopita, mwanzoni mwa mwezi wa nane, jirani yetu mmoja hapa Lubumbashi alipatwa na hasara iliyotoka katika neno moja tu. Kazi yake ni kuuza vitambaa vya sare za shule, vyeupe na vya buluu, na kila mwaka huagiza marobota yake ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, kabla wazazi hawajaanza kutafuta nguo za watoto. Mara ile hakwenda mwenyewe, alipiga simu. Muuzaji alisema Kiingereza, na jirani yetu alijua Kiingereza kidogo cha sokoni: bei, rangi, asante, kwaheri. Walipofikia habari ya siku za kungojea mzigo, jirani yetu alisikia "fifteen", yaani siku 15. Muuzaji alikuwa amesema "fifty", yaani siku 50.

Marobota yalifika mwishoni mwa mwezi wa tisa. Watoto walikuwa wamekwisha kuingia darasani na sare zilizonunuliwa kwa wengine. Vitambaa vilikaa ghalani, na deni likakaa nyumbani, likila pamoja na jamaa mezani hata mwaka mpya. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Muuzaji alishika neno lake siku kwa siku, naye jirani yetu hakuwa na la kumshtakia.

Twasimulia habari hii kwa ruhusa yake, wala si kwa kumcheka. Sisi wenyewe tumewahi kutikisa kichwa na kusema "yes, yes" mbele ya mtu ambaye hatukumfahamu hata nusu, kwa kuona haya kumwomba arudie.

Katika mji wetu Kiingereza si mgeni wa jana. Reli iliyotoka Rodezia ya Kaskazini ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa kwa jina la Élisabethville, na pamoja na mabehewa yalikuja maneno. Mpaka wa Kasumbalesa u karibu, na ng'ambo yake karatasi za serikali zimeandikwa kwa Kiingereza. Wenzetu wa mashariki nao wanayo mipaka yao: Uganda yatumia Kiingereza tangu zamani, na Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi mwenye duka, dereva wa lori, muuguzi, na mama anayeuza samaki wakavu, wote waweza siku moja kupewa karatasi ya Kiingereza na kuambiwa: tia sahihi hapa.

Baada ya hasara yake jirani yetu alifanya kama wengi wafanyavyo. Alijiandikisha katika masomo ya jioni, akalipa fedha ya miezi mitatu mbele, akanunua kitabu kinene. Kila Jumamosi aliketi saa tatu nzima. Mwalimu alikuwa mtu mwema na mwenye elimu, lakini alianza na sarufi yote kama mtu anayejenga nyumba kwa kununua misumari peke yake: leo nyakati zote za vitenzi, Jumamosi ijayo viwakilishi vyote, na baadaye orodha ya vitenzi visivyofuata kanuni. Jumamosi hata Jumamosi mwanafunzi wetu alikuwa na kazi ya duka, na kitabu kililala kabatini. Juma la sita hakurudi tena. Alituambia ya kwamba kichwa chake kimezeeka.

La, kichwa chake hakikuzeeka. Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alikuwa amejipima mwenyewe kwa uvumilivu mkubwa, akijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana yoyote, kisha akihesabu ni ngapi zilizobaki. Aliona ya kwamba mtu husahau sehemu kubwa upesi sana, katika saa za kwanza na siku za kwanza. Tena aliona ya kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 aliyoyarundika kwa mara moja. Maana yake kwa jirani yetu ni wazi. Saa tatu za Jumamosi moja si sawa na robo saa ya kila jioni, ingawa jumla ya dakika yaweza kulingana. Wazee wetu waliosema bandu bandu huisha gogo hawakumngojea Ebbinghaus, lakini yafaa kujua kwamba mtu alilipima jambo hilo kwa hesabu.

Dawa ilitoka nyumbani. Binti yake wa kwanza, mwenye miaka 14, ajifunza Kiingereza shuleni. Jioni moja alimwambia baba yake: "Baba, tufanye robo saa tu, baada ya chakula." Baba alikubali, lakini shida ikatokea jioni ya pili. Baba alikosea, na binti alinyamaza. Jioni ya tatu baba alikosea tena neno lilelile, na binti akatazama chini. Katika nyumba zetu mtoto hamkosoi baba yake mbele ya wadogo zake, na jambo hilo ni zuri. Mama ndiye aliyetatua. Alisema ya kwamba kwa robo saa ile binti ataitwa "mwalimu", na baba ataitwa "mwanafunzi". Robo saa ikiisha, mwalimu atainuka kwenda kuosha sahani kama kawaida. Tumeliona jambo hilo kwa macho yetu, kwa maana tulialikwa kuketi nao jioni kadhaa, na hatukuona heshima yoyote iliyopungua. Wadogo walicheka siku ya kwanza tu, na siku ya nne walikuwa wanajibu kabla ya baba.

Desturi yao ni hii. Dakika za kwanza ni za mambo ya jana na ya juma lililopita. Halafu sentensi moja mpya, ya kutumiwa kesho sokoni au kazini, pamoja na maneno matano. Mwisho watu wawili waigiza, mmoja mnunuzi na mwingine mwuzaji. Maneno matano ni machache mno? Fanyeni hesabu: matano kwa siku, siku sita kwa juma, kwa majuma 52, ni maneno 1,560. Mengine yatasahauliwa, ndiyo, lakini yatarudi katika daftari. Daftari lao limegawanywa kwa mstari katikati: Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, na mkono wa mwanafunzi wafunika upande wa kulia. Mtu anayependa vikaratasi aweza kufuata shauri la mwandishi Sebastian Leitner, ambaye mwaka 1972 alieleza namna ya kutumia sanduku lenye vyumba: neno ulilolijua lasogea chumba cha mbele, ambako litaulizwa baada ya siku nyingi zaidi, neno lililokushinda larudi chumba cha kwanza, kuulizwa kesho. Sanduku la viatu latosha.

Somo lao la kwanza, msomaji ametambua, lilikuwa hesabu. Lugha yetu huweka mkazo wa sauti mahali pamoja, katika silabi ya pili toka mwisho: kitábu, kitabúni. Kwa hiyo sikio letu halijazoea kuwinda mkazo, kwa sababu siku zote twajua ulipo. Katika Kiingereza mkazo wahamahama, na mara nyingi ndio unaopambanua neno na neno. "Fifty" lina mkazo mwanzoni. "Fifteen" likisemwa peke yake lina mkazo mwishoni. Lakini, na hapa ndipo mtego ulipo, likifuatwa na jina, kama katika "fifteen days", mkazo wake huelekea mbele, na maneno hayo mawili yakaribiana kama mapacha. Katika simu yenye kelele hata Waingereza wenyewe hukosea. Wao hufanya nini? Huuliza tarakimu mojamoja: "One five, or five zero?" Sentensi hiyo fupi ndiyo ya kwanza katika daftari la jirani yetu, na imeandikwa kwa wino mwekundu. Twashauri kila mfanyabiashara aijue kabla ya kujua salamu.

Somo la pili lilitupendeza zaidi, kwa maana ni kosa letu sote, wala vitabu vingi havilitaji. Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hujalipa?", nawe hujalipa, wajibu: "Ndiyo, sijalipa." Wakubaliana na maneno yake. Mwingereza hakubaliani na maneno, yeye huitazama kazi yenyewe: kama imefanyika, ni "yes", kama haikufanyika, ni "no". Basi ukiulizwa "You have not paid?", nawe ukajibu "Yes" kwa moyo mweupe, yeye asikia kwamba umelipa. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa, mmoja akimwita mwenzake mwongo, na wote wawili wasema kweli. Muuguzi akimwuliza mama, "The child has not eaten?", na mama akajibu "Yes", dawa yaweza kutolewa isivyotakiwa. Wanaojua Kifaransa wana msaada kidogo, kwa kuwa nao husema "non" mahali hapo. Lakini ulimi ukiwa na haraka warudi kwa mama yake. Jamaa ile ilikaa na somo hili jioni nne, kila mmoja akiulizwa: Hujalala? Hujafunga mlango? Hukwenda kisimani? Na jibu lazima liwe sentensi nzima, "No, I have not", maana sentensi nzima haina njia mbili.

Juu ya kitenzi, tuliona binti akifundisha vizuri kuliko kitabu. Aliandika neno moja la Kiswahili, "nitakinunua", akalikata kwa kalamu vipande vinne: ni, ta, ki, nunua. Kisha akaweka chini yake: "I will buy it." Maneno manne kwa vipande vinne! Tofauti ni kwamba Waingereza huviacha vipande vimesimama mbalimbali kama miti shambani, na "ki" yetu iliyo ndani wameipeleka mwisho, ikawa "it". Baba alikaa kimya akitazama, halafu akasema: "Kumbe hawa wamekata tu kitu tulicho nacho." Tangu siku hiyo hakuacha tena "I" au "he" mwanzoni, kosa alilolifanya kwa sababu katika "amekuja" yeye hasikii mtu yeyote akitajwa, wakati mtu yumo katika ile "a" ya kwanza.

Lakini "a" ile yaleta shida nyingine. Kwetu "amekuja" ni baba au mama, kaka au dada. Mwingereza ataka kujua: "he" kwa mwanamume, "she" kwa mwanamke. Ndipo tusikiapo watu wenye elimu wakisema "My mother, he is sick." Kifaransa hutufundisha kutofautisha, lakini chatupa mzigo mwingine, kwa sababu meza nayo ni mwanamke katika Kifaransa. Katika Kiingereza meza, nyumba, kisu na mvua vyote ni "it", na basi. Twaweza kupumzika pia kwa habari za ngeli. Sisi twasema mtoto mzuri, kitabu kizuri, maua mazuri. Wao wana "good" moja isiyobadilika, iwe kwa mmoja au kwa elfu. Kazi iliyobaki ni kukumbuka kuitanguliza: "a good book", wala si kitabu kwanza.

Ile herufi "s" ndiyo inayowachosha wanaoanza. Yawekwa mwishoni mwa jina vitu vikiwa vingi, tena yawekwa mwishoni mwa kitenzi mtendaji akiwa mmoja tu! "The girl reads", binti asoma. "The girls read", mabinti wasoma. Binti aliwaeleza wadogo zake ya kwamba "s" ni blanketi moja kwa watu wawili: akilivuta jina, kitenzi chalala wazi, na kitenzi kikilivuta, jina lalala wazi. Mfano huu haufai kwa "children" na "men", ambayo ni mengi pasipo "s", lakini kwa mwanzo watosha, na mdogo wa miaka saba aliushika mara moja.

Maulizo hupatikana kwa neno "do". Sisi twaweka "Je" mbele, au twainua sauti tu: "Wauza mchele?" Mwingereza asema: "Do you sell rice?" Ukitaka wakati uliopita, "do" ndiyo inayogeuka kuwa "did", na kitenzi chenyewe chabaki kama kilivyozaliwa: "Did you sell?", wala si "Did you sold?". Na kwa kuwa tumetaja mchele, tuonyane juu ya "r" na "l", ambazo ndimi zetu nyingi huzichanganya. "Rice" ni mchele au wali. "Lice" ni chawa. Mtu atakayeagiza sahani ya chawa hotelini ataletewa wali, hatuna shaka, lakini wahudumu watacheka jikoni.

Twafika katika maneno, na hapa tuna habari njema kwa msomaji wa Kongo. Ana akiba kubwa ambayo hajui kwamba anayo. Kwanza yale tuyavaayo na kuyatumia, shati, koti, soksi, blanketi, kabati, tiketi, yote yametoka Kiingereza yakavaa irabu zetu. Wenzetu wa Tanzania walisikia "keep left" katika mzunguko wa barabara, wakalifanya "kipilefti". Vikiwa viwili ni "vipilefti", kana kwamba neno lilizaliwa katika ngeli ya kitabu na vitabu. Waingereza nao walichukua "safari" yetu, wala hawajairudisha.

Akiba kubwa zaidi ni Kifaransa. Mwaka 1066 mtawala wa Normandie, Guillaume, alivuka bahari akaishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa, huku wakulima wakisema lugha yao ya kale. Hata leo ng'ombe akiwa malishoni aitwa kwa jina la wachungaji, "cow" au "ox", lakini nyama yake ikifika mezani ni "beef", yaani "bœuf". Kondoo ni "sheep", nyama yake ni "mutton", yaani "mouton". Nguruwe ni "pig", nyama yake ni "pork", yaani "porc". Mtu aliyemaliza shule ya msingi kwa Kifaransa akifungua gazeti la Kiingereza atakuta "nation", "question", "village", "table", "justice", "prison", na mengine kwa maelfu, yakimsalimu kwa sura ileile. Sauti ndiyo imebadilika.

Lakini si kila anayefanana na ndugu yako ni ndugu yako. Jirani yetu, alipokwisha kupata ujasiri, alimwandikia muuzaji akitaka kuuliza bei, akaweka "I demand the price", kwa kuwa "demander" ya Kifaransa ni kuomba au kuuliza kwa upole. "Demand" ya Kiingereza ni kudai, kama mtu anayegonga meza. Muuzaji alijibu kwa baridi. Sasa daftarini imeandikwa: "Please, what is the price?" Vivyo hivyo "library" si duka la vitabu kama "librairie", ni maktaba ya kusomea na kuazima, na "actually" si "sasa", ni "kwa kweli". Maneno ya namna hiyo yapewe ukurasa wake katika daftari, maana hayatambulikani kuwa mageni, nayo huingia nyumbani bila kubisha hodi.

Je, maneno mangapi yatosha? Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya maneno 850, akisema kwamba kwayo mtu aweza kueleza karibu kila jambo la kila siku: 600 ni majina ya vitu na mambo, 150 ni ya sifa, 100 ni ya kutenda na kuunganisha, na ndani ya hayo 100 vitenzi ni 18 tu. Tulipoisikia mara ya kwanza orodha hiyo tulifurahi. Baadaye tulipoa. Vitenzi vichache vyalipwa kwa namna nyingine: ili kusema "vumilia" bila kitenzi chake, wasema "put up with", yaani maneno matatu mepesi ambayo hakuna hata moja lenye kuvumilia ndani yake. "Give" ni kutoa, "up" ni juu, lakini "give up" ni kukata tamaa. Yafaa mafungu kama hayo kujifunza kama neno moja lililofungwa kwa kamba, wala si kuyafungua.

Redio zilifuata shauri la kufaa zaidi. BBC ilianza masomo ya Kiingereza kwa redio mwaka 1943, na tarehe 19 Oktoba 1959 Voice of America ilianza kusoma habari kwa Kiingereza chepesi: maneno kama 1,500, sentensi fupi, na msomaji asiyekimbia. Watu wengi katika Afrika walijifunza kwa redio ndogo ya betri iliyowekwa dirishani. Tazameni hesabu ya jirani yetu: maneno 1,560 kwa mwaka. Leo simu ya mkononi yaweza kuleta masomo ya namna hiyo, nasi hatuyadharau. Twasema tu kwamba simu husifu upesi mno. Mtu agusa jibu, yatokea nyota na muziki, naye adhani amesema. Kinywa chake hakikufunguka. Afadhali asikilize dakika tano simuni, kisha aseme dakika kumi na mtu mwenye masikio.

Kuandika Kiingereza kwa usahihi, hilo lataka subira kuliko yote. Kiswahili chaandikwa kama kisemwavyo, na mtoto akizijua herufi amekijua kitabu. Kiingereza huandika "knife" na kuacha "k" bila sauti, huandika "night" na "gh" haisikiki. Zamani zilisikika. William Caxton alifungua mtambo wake wa kuchapa vitabu pale Westminster mwaka 1476, na kidogokidogo maandishi yakaganda huku ndimi zikiendelea kwenda. "Canif" ya Kifaransa, ambayo ina ukoo mmoja na "knife", bado yatunza sauti ya "k" hata leo. Basi msijifunze neno kwa macho peke yake. Lisikieni kwanza, liandikeni baadaye.

Jirani yetu sasa yuko katika mwezi wa kumi na moja. Mwaka huu aliagiza marobota yake kwa simu, akauliza tarakimu mojamoja, akaomba zaidi ya hayo ujumbe ulioandikwa. Mama naye, ambaye mwanzoni alisikiliza tu huku akikunja nguo, ameingia darasani. Jioni ya mwisho tulipokuwa kwao walikuwa wamefika kwenye wakati uliopita. "Work" lafanya "worked", "wash" lafanya "washed", yote yalikwenda vema, mpaka binti akaandika "go" na kando yake "went". Mama alikataa. Mbona si "goed"? Nani aliwaruhusu kubadilisha neno zima? Baba alitutazama sisi, nasi tulisema tunalolijua, kwamba "went" lilikuwa la kitenzi kingine, "wend", nacho cha zamani pia ni kwenda, na vitenzi viwili vikaungana vikawa kimoja. Mama hakuridhika. Ndipo binti alipouliza:

"Mama, nasi kwa nini twamwita mtu kwa kusema njoo, wala hatusemi ja?"

Mama alifikiri kidogo, akacheka, akaandika "went" katika daftari lake.